Mfumo Umekataa

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia kwenye steshenari yangu hapa Utemini na bahasha ya kaki kwapani. Akatoa vyeti viwili, akaniomba nimjazie maombi ya kazi mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa kinamwita Hamisi. Cha shule kinamwita Khamis. Nikajaza, nikabonyeza, ukatokea mstari mwekundu. Nikarudia. Mwekundu tena. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe, nikamwambia maneno ninayoyasema karibu kila siku tangu nifungue duka hili: "Mdogo wangu, mfumo umekataa."

Akauliza, "Nani?"

"Mfumo."

"Nimesikia, kaka. Nauliza nani."

Nikacheka, kama tunavyocheka tukikosa jibu. Nikamwelekeza akaape kwa wakili kwamba majina yote mawili ni yake, nikamtoza mia tano ya intaneti, akaondoka. Swali lake halikuondoka naye. Lilibaki limekaa pale kwenye benchi la wateja, na lina sababu ya kunitazama mimi kuliko watu wengine. Mimi nimewahi kuwa mfumo. Mfumo mdogo, wa watu ishirini na saba tu, lakini ulikataa vilevile kama mikubwa inavyokataa, na kuna mtu aliumia.

Kwanza tuitazame hiyo sentensi, maana sisi ni watu wa lugha. Kiswahili kina adabu yake ya ngeli. Mtu yuko kwenye A-WA: amekataa, wamekataa. Mfumo uko kwenye U-I, pamoja na mti, mlima na mto. Mti ukianguka njiani hatuulizi kwa nini umeamua kuanguka, tunauzunguka. Kwa hiyo ukiambiwa "mfumo umekataa", sarufi yenyewe imeshakushauri usitafute mtu. Zunguka. Ni herufi moja tu, u badala ya a, na mwenye uamuzi ameshatokea mlango wa nyuma.

Utaniambia gari nalo hukataa kuwaka, na mlango hukataa kufunguka, na hakuna anayeona ajabu. Kweli kabisa. Lakini gari likikataa tunamwita fundi, na fundi anafungua boneti. Sijawahi kusikia mwenye gari akiambiwa dirishani kwamba boneti haifunguliwi, rudi Jumatatu.

Mtaa wenyewe ninaokaa una jina la uamuzi. Utemini: mahali pa utemi. Sitaki kuwapamba watemi. Wapo waliokuwa wakali, wapo waliopendelea ndugu zao, na sheria ya mwaka 1963 ilipoyafuta madaraka ya machifu nchini, si kila mtu alilia. Ila mtemi alikuwa na uso. Aliyekataliwa alijua njia ya kwenda kwake, alijua nani anaweza kumwombea, na akitoka pale amedhulumiwa alijua jina la kulitaja usiku akisali. Hata katika Kusadikika, ile nchi ya angani ya Shaaban Robert ambayo haipo popote, Karama akishitakiwa anamjua mshitaki wake: Waziri Majivuno, yule pale, amesimama. Kijana wangu wa vyeti viwili hana hata Majivuno.

Sasa, programu ni nini hasa? Wengi wanaokuja dukani huizungumzia kama kitu kilichojiotea, kama uyoga. Programu ni maandishi. Kuna mtu alikaa akaandika mstari baada ya mstari, akafuta, akaandika upya, kama mwandishi wa hadithi tu. Mashine yenyewe haielewi Kiingereza wala Kiswahili. Ndani yake kuna umeme, upo au haupo, moja au sifuri. Wa mwanzo walilazimika kuandika kwa namba hizo hizo, kazi ya kutoa machozi. Mwaka 1952 Mmarekani Grace Hopper alitengeneza moja ya programu za mwanzo kabisa za kubeba mzigo huo, yaani kuchukua maagizo mafupi ya mtu na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Tangu hapo lugha za programu zimezaliwa kwa mamia. Nyingine hufanya kazi kama mfasiri wa kitabu: maandishi yote yanafasiriwa kwanza, halafu ndiyo yasomwe. Nyingine ni kama mkalimani wa mkutano wa injili, mhubiri anasema sentensi, mkalimani anaisema, wanakwenda hivyo hadi Amina. Python ninayoitumia mimi, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, ni ya aina hii ya pili. (Narahisisha. Wataalamu wanisamehe.)

Kitu kilichonishangaza nilipoanza kujifunza, usiku, duka likiwa limefungwa, ni uchache wa maneno yake. Python ina maneno rasmi yasiyofika arobaini. Yaliyobaki yote unayatunga mwenyewe. Ukiamua kitu kiitwe "mwanachama", mashine inakubali. "Hisa", "faini", "mkopo", yote inakubali. Nilijiona kama Adamu anawapa wanyama majina. Sikuwaza bado kwamba anayetoa majina ndiye anayeamua pia ni vitu gani havitapewa jina.

Katika maneno hayo machache, lenye mamlaka kuliko yote ni lile la sharti, "kama". Hapo Kiswahili kinaiacha mbali lugha yoyote ya programu. Akichelewa, atalipa faini: jambo liko wazi. Angechelewa, angelipa: tunawaza tu. Angalichelewa, angalilipa: limeshapita, na ndani yake mara nyingi mna majuto, au shukrani. Bibi zetu wameendesha kesi nzima kwa viambishi hivyo. Programu inaijua -ki- peke yake, na "la sivyo". Sharti limetimia au halijatimia. Hata "isipokuwa" unaweza kuiweka, lakini lazima mtu aifikirie mapema, siku ambayo hakuna mgonjwa wala msiba, na kuiandika. Asipoiandika, haipo duniani. Na -ngali- haimo kabisa. Kompyuta haikai barazani jioni ikawaza ningalijua.

Basi bwana. Mwaka juzi kina mama wa kikoba kimoja hapa mtaani waliniita. Walikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo wizi haukuwa shida yao. Shida ilikuwa hesabu. Kila mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, kaunta buku ilileta ugomvi: huyu kaandikiwa hisa pungufu, yule faini yake imesahauliwa. Wakaniomba niwatengenezee "kitu cha kwenye kompyuta". Tukapatana shilingi 60,000 na kuku mmoja wa kienyeji. Anayeijua Singida anajua kwamba kuku ndiye aliyekuwa malipo.

Wenye fani yao wana hatua wanazofuata wakitengeneza programu. Unamuuliza mhitaji anataka nini. Unapanga. Unaandika. Unaijaribu. Unakabidhi, halafu unaendelea kurekebisha hadi mmoja wenu achoke. Mimi nilizifuata zote, na najivunia hilo bado, ndiyo maana inaniuma zaidi. Niliomba katiba ya kikundi. Ilikuwa na vifungu kumi na vinne. Kifungu cha saba kilisema mwanachama atakayeruka wiki tatu mfululizo bila udhuru hatapata mkopo katika mzunguko huo.

Bila udhuru. Wiki zilizorukwa nazihesabu. Udhuru nauhesabuje? Ningelazimika kuongeza sehemu nyingine kwenye kanzidata, kuamua nani anaijaza, kwa ushahidi gani. Ilikuwa saa sita usiku. Nikaandika mstari unaosema: kama wiki_alizoruka ni 3 au zaidi, mkopo hapana. Juu yake nikaweka mstari mwingine unaoanza na alama ya reli. Mstari wa namna hiyo mashine huuruka, haiusomi. Ni kumbukumbu ya mwandishi tu. Niliandika: udhuru, baadaye.

Kisha nikajaribu. Huwezi kujaribia pesa za watu, kwa hiyo nilitunga wanachama wa bandia, nikawapa majina ya Kusadikika kwa kujifurahisha: Karama, Buruhani, Ridhaa, na Majivuno mwenyewe nikamfanya mdaiwa sugu. Programu ilipita majaribio yote. Majivuno alinyimwa mkopo kila mara nami nikicheka peke yangu. Ila wanachama wangu wa kubuni hawakuugua hata mmoja. Hakuna aliyefiwa, hakuna aliyejifungua.

Miezi ilikwenda vizuri. Hesabu zilikuwa zinakubali hadi shilingi ya mwisho, na kina mama wakanisifu hadi sokoni. Kila Ijumaa nilichapisha orodha: nani ana hisa ngapi, nani anadaiwa, nani anaruhusiwa kukopa na kiasi gani. Mwaka jana, Jumamosi moja ya Agosti, upepo wa Singida ukiwa unapeperusha khanga na karatasi, niliwapelekea orodha mwenyewe nikabaki nimeegemea ukuta kwa nyuma. Bibi mmoja akasimama kuomba 200,000. Ni fundi wa kushona, cherehani yake ilikaa barazani kwake miaka yote ninayomjua, na hisa zake zilitosha kabisa. Mjukuu wake alikuwa ametoka hospitali na alitakiwa kurudishwa kwa matibabu zaidi. Mama Mwenyekiti akatazama karatasi. Bibi aliruka wiki tatu. Zile wiki tatu alizokaa wodini akimuuguza huyo mjukuu. Kila mtu pale alilijua hilo. Wengine walikuwa wamempelekea uji.

Mwenyekiti akasema, kwa upole kweli, "Bibi, mfumo umekataa."

Watu wote wakaitazama karatasi. Hakuna aliyenitazama mimi. Na mimi nikanyamaza.

Nimeutafuta udhuru wa ule ukimya mwaka mzima. Niliona aibu, ndiyo. Nilikuwa nimezoea sifa. Lakini la kweli zaidi ni kwamba lile neno lilinikaa vizuri, kama koti la kuazima linalokutosha mabegani. Mfumo umekataa. Si mimi. Bibi akasema, "Haya, kama mfumo umekataa," akajifunga khanga yake vizuri, akakaa.

Pesa alizipata kwa wale wa kausha damu, na wanaozijua riba zao hawahitaji maelezo yangu. Mtoto alipona. Mwezi wa kumi wakaja kuchukua cherehani.

Kwa miezi niliyofuata kuisumbukia habari hii, nilisoma sana kuhusu watu waliokosea kuliko mimi. Si tabia nzuri, lakini husaidia kulala. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha yetu ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza iliyobeba jina hilo la ICT. Jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta zilikuja kuvurugika, fedha nyingi zikiwa zimetumika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Leo tunasimulia kisa hicho kama kichekesho, wazee waliogopa mashine. Mimi sikicheki tena sana. Dawa ilikuwa mbaya, naam: iliwakosesha vijana wa wakati ule nafasi ya kujifunza kufungua boneti, na huwezi kumuuliza mwandishi juu ya maandishi usiyoweza kuyasoma. Lakini angalau ulikuwa uamuzi wa A-WA. Watu walikataa mashine, wakaweka saini, na hadi leo tunajua wa kumlaumu.

Ile ICT mwaka 1968 iliungana na wenzake ikawa ICL. ICL baadaye ikanunuliwa na Fujitsu ya Japani. Na ni ukoo huo huo uliotengeneza Horizon, programu ya hesabu iliyoanza kutumika kwenye vituo vya posta vya Uingereza mwaka 1999. Horizon ilikuwa inaonyesha upungufu wa pesa ambazo hazikupotea. Wasimamizi wa vituo, watu wa kawaida wenye kaduka na dirisha la posta, waliambiwa walipe. Waliopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa tatizo hilo ni lako peke yako. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakafa kabla ya kusafishwa. Sheria za Uingereza zilikuwa zinadhani kompyuta iko sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na wa kuthibitisha ni huyo mwenye duka asiyeruhusiwa kuona hata mstari mmoja. Desemba 2019 Mahakama Kuu ikakubali kwamba programu ilikuwa na kasoro. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu 39 kwa mpigo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta zilizobaki kwa ujumla wake.

Katika fani hii kasoro huitwa mdudu. Neno lenyewe ni la zamani, ingawa watu hupenda kusimulia nondo aliyekutwa amenaswa ndani ya mashine ya Harvard mwaka 1947, akabandikwa kwenye daftari la kumbukumbu. Mholanzi mmoja mtaalamu, Edsger Dijkstra, aliandika mwaka 1988 kwamba tuache kuita mdudu, tuite kosa, kwa sababu mdudu huonekana kaingia mwenyewe mwandishi akiwa hatazami. Nilipoisoma hoja hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Udhuru haukuliwa na mdudu kwenye programu yangu.

Jirani zetu Kenya nao walifika mlangoni pa swali hili. Katika kesi ya uchaguzi wa urais wa 2017, Mahakama ya Juu iliamuru upande wa walalamikaji uruhusiwe kuchungulia kwenye seva za tume. Seva hazikufunguliwa kama ilivyoamriwa. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha matokeo, na katika sababu zao waliihesabu dhidi ya tume ile hali ya kutofungua. Ukitaka kubishana kuhusu siasa zake tutabishana siku nyingine. Mimi ninachokipenda ni ile hatua moja: mahakama haikukubali mashine iwe shahidi wa nafsi yake.

Turudi kwangu. Watunga programu wengi hutumia chombo kiitwacho Git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, cha kutunza historia ya maandishi yao. Kila badiliko linahifadhiwa, na nani kalifanya, na lini. Ndani yake kuna amri inaitwa blame, yaani lawama. Wameiita hivyo wenyewe. Ukiielekeza kwenye faili, mbele ya kila mstari inakuletea jina la aliyeuandika. Yaani watu wa dirishani wanaambiwa mfumo hauna mtu, kumbe jikoni kuna daftari lenye majina mstari kwa mstari. Usiku mmoja wa Novemba nikaiendesha kwenye programu ya kikoba. Nilijua itasema nini. Jina langu, jina langu, jina langu, hadi chini. Na pale kati, na tarehe yake: udhuru, baadaye.

Nilikwenda kwa Bibi Jumapili mchana. Baraza lilionekana pana bila cherehani. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote, hadi ule mstari. Alisikiliza huku akichambua mchele. Halafu akasema, "Kumbe ni wewe. Mimi nikadhani ni kompyuta." Akatoa jiwe dogo, akalitupa. "Sasa mjukuu wangu, siku ile ulikuwepo ukutani. Kwa nini hukusema?"

Sikuwa na la kumjibu na bado sina. Nilimpa zile 60,000. Alizipokea, na sikuona kwamba zimemaliza kitu.

Nikadhani kilichobaki ni rahisi: nirudishe udhuru, tuendelee. Nikaomba kusema kwenye mkutano. Nikakiri. Wengine wakaguna, wengine wakanionea huruma, na Mwenyekiti akawa ameanza kusema turudi kwenye utaratibu wa zamani, Katibu awe anaandika udhuru kwa penseli. Hapo akasimama mama mmoja muuza mboga, ambaye kwa kawaida hasemi.

"Mimi nilifiwa na mume mwaka ule wa kaunta buku. Niliruka wiki nne. Sikuandikiwa udhuru. Nendeni mkaangalie nani walikuwa wanaandikiwa. Mashine ya huyu kijana ni mbaya, lakini imetunyima sote sawasawa."

Nilikwenda kuangalia. Kaunta buku bado ilikuwepo, na alama za penseli zilikuwa zinasomeka. Alikuwa anasema kweli. Wapo waliokuwa na udhuru sita kwa mwaka, na walikuwa wanakaa safu ya mbele. Nimekaa na ushahidi ule muda mrefu, kwa sababu unaharibu hadithi nzuri niliyokuwa nimeanza kujisimulia, ya mkono mwema wa binadamu na mashine katili. Yule mama alipenda mstari wangu kwa sababu ile ile iliyomuumiza Bibi: haukujua mtu.

Tukajaribu orodha. Msiba, ugonjwa, kuuguza, uzazi. Mama mmoja akauliza, na mwanangu akikamatwa? Tukaongeza. Na mafuriko? Na mume akinizuia kutoka? Kimya. Ile ya mwisho hakuna aliyetaka iandikwe, na hakuna aliyeweza kusema si udhuru. Tulifika kumi na moja nikaacha kuandika. Maisha yana -ngali- nyingi mno.

Walichoamua mwishowe hakikutoka kwangu, kilitoka kwenye sanduku lao. Kufuli tatu, funguo tatu. Mtu akizuiwa na kifungu cha saba, wenye funguo watatu wanaweza kukiondoa kwa ajili yake, wakikubaliana wote, na sababu inasomwa mbele ya mkutano na kuandikwa. Mimi niliongeza jambo moja. Orodha ya Ijumaa haisemi tena "Haruhusiwi". Inasema: kifungu cha saba kinamzuia, wiki alizoruka ni kadhaa, mstari huu uliandikwa na fulani wa steshenari, namba yake ya simu hii hapa. Mwenyekiti hakupenda. Alisema karatasi imekuwa kama barua ya polisi. Katibu mpya akasema iache.

Siwezi kusema imewafaa wote. Simu zinapigwa hadi saa tatu usiku, nyingine za matusi. Yule kijana wa vyeti viwili hajarudi dukani. Mstari uliomkataa una jina la mtu kwenye daftari la jikoni mahali fulani, na mimi siuoni, wala yeye. Cherehani ya Bibi haijarudi. Anashona kwa mkono, vifungo na pindo tu.

Jumamosi iliyopita kifungu cha saba kilimzuia mama mmoja kijana. Wenye funguo wawili walikubali, wa tatu akakataa, na akasema kwa nini anakataa, watu wakimtazama. Jioni, nikiwa nafunga duka, yule mama akaja na karatasi mkononi. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Wewe ndiye uliyeandikwa hapa?"

"Ndiyo mimi, dada."

Akavuta benchi, akakaa.